Dada Hajambo?

Chuoni walikuwa wakiwaita Rula na Futi. Rula kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuweza kuona picha imepinda ukutani akaiacha ilivyo. Futi kwa sababu alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na ndiye aliyekabidhiwa futi kamba ya darasa kila walipotoka kwenda kupima viwanja. Kamba ile ndefu hushikwa na watu wawili: mmoja anabana mwanzo wake, penye sifuri, na mwenziwe anaivuta mpaka anakotaka kufika.

"Shika sifuri," Futi alikuwa akisema kila mara. "Wewe na sifuri ni marafiki wa zamani, hata kwenye mtihani wa hesabu mlikuwa pamoja."

Rula alikuwa akicheka, anapiga magoti mavumbini na kushika.

Walimaliza shahada ya upimaji ardhi siku moja, wakapigwa picha moja, kisha njia zikaachana. Futi alipata uanagenzi katika kampuni ya upimaji, kazi nyingi na ahadi nono: vumilia, nafasi ikipatikana ni yako. Rula hakupata hata wa kumwahidi. Alirudi kwa shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, akawa anakata nyuzi na kushona vifungo huku maombi yake ya kazi yakienda ofisi hadi ofisi na kupotelea huko huko.

"Unaujua ugonjwa wako?" shangazi alimwambia siku moja, pini zimejaa mdomoni. "Hujulikani. Unawapelekea watu karatasi. Karatasi haisalimii, haicheki. Nenda ukaonekane."

"Nionekane na nani, shangazi? Siwajui hao watu."

"Ndiyo maana unakwenda. Ungekuwa unawajua ungekwenda kufanya nini?"

Basi Futi alipompigia simu kwamba kuna mkutano wa mwaka wa wapimaji, na kila mwanagenzi anaruhusiwa kuja na mgeni, shangazi alikwishaanza kukata kitambaa cha koti kabla simu haijawekwa chini. Ndani ya ukosi akamchomekea pini mbili za usalama. "Za akiba," akasema. "Nguo haina adabu, hukuaibisha panapokuwa na watu."

Siku ya mkutano, wakati wa chai, Futi alimfundisha pembeni, kikombe mkononi. "Sema jina, sema ulichosomea, halafu uliza swali juu ya kazi yao. Usiombe kazi. Ukiomba kazi wanakukimbia kama umewapigia chafya."

"Na wakinijibu?"

"Tikisa kichwa kama unaelewa."

Rula alizunguka ukumbi mzima. Watu walisimama vikundi vikundi, migongo imegusana, na kila alipokaribia mduara, mduara ulijifunga. Chai ikampoa mkononi. Akatoka kwenye ujia ajifanye anatafuta maji, na hapo ndipo alipomkuta mwanamke wa makamo amesimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, kiatu kimekatika mkanda.

Alimtambua. Nani asingemtambua? Ni Mama Darubini, mkaguzi wa mipaka, mwanamke aliyesemekana kuona ua uliopinda akiwa bado ndani ya gari. Hakuna ramani ya kiwanja iliyopita bila jicho lake.

Rula hakusema jina, hakusema alichosomea. Alichomoa pini kwenye ukosi, akapiga magoti, akafunga mkanda.

"Wewe ni fundi viatu?" Mama Darubini akauliza kutoka juu.

"Mpimaji, mama. Nimemaliza chuo, bado natafuta."

"Mpimaji anayetembea na pini!" Mama akacheka, mwanya ukaonekana kati ya meno yake ya mbele. Rula naye akacheka, na yeye vilevile alikuwa na mwanya.

Hapo akatokea mwanamume mnene wa suti, manukato yake yakimtangulia. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ile ile ya Futi. "Mama, tunakutafuta ukumbi mzima!"

"Nilikuwa naokolewa na mdogo wangu huyu," Mama Darubini akasema, mkono wake begani kwa Rula, akijaribu kukanyaga. "Mpimaji pia. Muwaangalie hawa watoto, mnawaacha wanachakaa majumbani." Akaitwa jukwaani, akaenda.

Mkurugenzi akabaki akimtazama Rula, kuanzia goti lenye vumbi mpaka kwenye mwanya.

"Kumbe mama ana mdogo mpimaji, na hatwambii!"

Rula akacheka kwa haya, akidhani ni utani wa kumchangamsha. Mkurugenzi akatoa kadi yake. "Jumatatu asubuhi. Usipige simu, njoo tu."

Futi alipoiona kadi ile alirukaruka. "Yule? Amekupa kadi? Mimi miezi yote hii ananiita binti wa fotokopi!" Akamkumbatia Rula, akamshika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na alipomwachia alikuwa anatazama pengine.

*

Neno "mdogo wangu" halina bei. Muuza vitunguu humwita mteja hivyo, muuguzi humwita mgonjwa hivyo, na mtu aliyekukanyaga barabarani hukuomba radhi kwa neno hilo hilo. Lakini pia ni neno la damu, na anayelisikia huchagua mwenyewe analolitaka.

Mkurugenzi alikwishachagua. Jumatatu ile alimshika Rula kiwiko na kumzungusha meza hadi meza. "Huyu ni mdogo wake Mama Darubini. Tumbo moja! Kitinda mimba wa kwao. Utazameni mwanya huo." Wachoraji wa ramani wakainua vichwa, mhasibu akasimama kabisa. Kisha mkurugenzi akamgeukia. "Dada hajambo?"

Ofisi nzima ilimtazama. Aliona meza tupu karibu na dirisha, kiti chake kimegeuzwa kumwelekea yeye. Akawaza nyuzi na vifungo. Akawaza vilevile kwamba yule mama, popote alipo, huenda kweli ni mzima wa afya.

"Hajambo," akasema.

Kwenye kona, kando ya mashine ya fotokopi, Futi alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Macho yalimtoka pima. Ni yeye peke yake mle ndani aliyejua kwamba Rula ni mtoto wa pekee, aliyelelewa na shangazi chini ya meza ya cherehani.

Walikutana kwenye kijiko cha sukari, penye birika la ofisi.

"Tangu lini una dada?"

"Sikusema mimi, Futi. Amesema yeye."

"Na wewe ukajibu hajambo."

"Ningejibu nini? Kwamba anaumwa?"

Futi akacheka, hakuweza kujizuia. Walikuwa wamecheka pamoja miaka mingi mno. Kisha akaacha. "Sahihisha leo. Neno lingali bichi. Kesho litakuwa zege."

"Leo hii hii," Rula akaahidi.

Lakini leo mkurugenzi alikuwa na wageni. Kesho alikuwa amekasirika. Keshokutwa alikuwa amefurahi, na nani anataka kumharibia mtu furaha? Kila asubuhi aliuliza, "Dada hajambo?" na kila asubuhi Rula alijibu, mpaka neno likamtoka mdomoni bila kupitia kichwani. Siku moja alijisikia akiongeza, "Anakusalimu sana." Alikwenda chooni akaosha uso.

Nyumbani shangazi alikuwa amepiga vigelegele hata jirani akaja kuuliza ni nani ameposwa. Rula alipomweleza, cherehani ilisimama kidogo.

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umemwambia mtu, mimi ni mdogo wake fulani?"

"Sijasema hivyo, lakini..."

"Basi umeitikia salamu. Kuitikia salamu ni uungwana." Akakanyaga cherehani tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Rula akaona mshono umekwenda mrama na shangazi hakuufumua.

Jambo ambalo Rula hakutaka kulitazama usoni ni kile kiti. Ilikuwa nafasi moja. Ilipopatikana, haikutangazwa, aliwekwa yeye. Na Futi aliendelea kusimama kwenye mashine, mgongo kwa meza ya dirishani, akitoa nakala za ramani ambazo Rula ndiye aliyezitia sahihi ya "imeangaliwa".

*

Mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza, mkurugenzi alimwita, akafunga mlango.

"Kaa, mwanangu. Kuna kiwanja cha mteja wetu, kimepakana na zahanati. Anataka kujenga ghorofa. Ramani tumeshapeleka kwa dada. Sasa nasikia anataka kwenda kukagua jiwe la mpaka mwenyewe." Akatabasamu kibaba. "Njia ya kule mbaya, matope. Mwambie asijisumbue. Apitishe mezani tu. Ni neno la dada na mdogo wake, nani atalisikia?"

"Nitamwambia," Rula akasema, kwa kuwa ndivyo mdomo wake ulivyokuwa umezoea.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye fotokopi. "Futi, kile kiwanja cha pale zahanati. Jiwe lina shida gani?"

Futi hakugeuka. Mashine iliendelea kutema karatasi. "Muulize dada yako."

"Tafadhali."

"Unajua kwa nini niko hapa?" Sasa Futi aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitumwa mimi kupima kule. Jiwe limehamishwa, Rula. Limeingia ndani ya zahanati, limeumeza ule uwanja wa nyuma wenye mabenchi, wanapokaa kina mama na watoto wao kungoja zamu. Nilirudi nikasema. Bosi akaniambia nimeshika kamba vibaya. Mimi! Tangu hapo sijapelekwa uwandani tena. Halafu ukaja wewe na dada yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Uliporukaruka umepata kazi? Ulikuwa umekaa nyumbani mwaka mzima. Nikajisemea, basi, apate mmoja wetu. Nikameza." Akachukua rundo la karatasi, akaligonga mezani lilingane. "Ila usije kuniuliza jiwe lina shida gani, kwa sababu hilo siwezi kulimeza mara ya pili."

Rula alirudi kwenye meza yake ya dirishani. Alitoa simu ampigie Mama Darubini, amweleze yote, na hapo ndipo aibu ilipogeuka kuwa kitu karibu na kichekesho: hakuwa na namba yake. Orodha ya simu ilikuwa imejaa wakurugenzi, wachoraji, wahandisi waliokuwa wakimwita "shemeji" kwa matumaini, watu aliojuana nao kwa ajili ya dada. Na dada mwenyewe hakuwamo.

Akaomba ruhusa, akaenda ofisini kwa mkaguzi. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na mwanamke anayemenya chungwa.

"Namtaka mkaguzi wa mipaka. Ni muhimu sana."

"Una miadi?"

"Sina."

Mwanamke akamtazama meno, kisha usoni. "Wewe nani wake? Umefanana naye. Kama ni ndugu, pita, yupo ndani. Kama si ndugu, acha jina, utaitwa."

Mlango ulikuwa pale, umeachwa wazi kidogo. Rula alisikia hata kikohozi cha mtu ndani. Neno moja lingetosha, lile lile alilolitumia kila asubuhi, na safari hii lingekuwa kwa wema. Alilitafuta mdomoni akalikuta lina uchungu.

"Si ndugu," akasema. "Sina undugu naye kabisa."

"Basi acha jina."

Akaacha jina, akangoja kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Hakuitwa. Mama Darubini alitoka kwa mlango mwingine.

Siku zilizofuata mkurugenzi alimwuliza, "Umesema na dada?" naye akajibu, "Nimemkosa." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli mkurugenzi alicheka. "Mdogo mtu anamkosa dada yake! Mmegombana nini?" Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alisema tu, "Anakuja kesho, mwenyewe. Sawa. Utakuwepo pale. Hawezi kumvua nguo mdogo wake mbele za watu."

*

Zahanati ilikuwa jengo la matofali lenye paa la bati, na nyuma yake ule uwanja wa mabenchi, kina mama wamebanana kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa na kila mmoja alitaka pakavu. Jiwe la mpaka lilikuwa limechomoza kati ya benchi la pili na la tatu, jipya, jeupe, kama jino lililoota pasipo pake. Futi alikuwa amekuja kubeba vyombo. Alisimama na begi la kamba begani.

Mama Darubini alishuka garini amevaa mabuti. Mkurugenzi akamwendea mikono miwili.

"Karibu, mama, karibu! Pole kwa njia. Mdogo wako tunaye hapa, tumemtunza kama yai!"

"Mdogo wangu yupi?" Mama Darubini akauliza.

Mkurugenzi akamsukuma Rula mbele kwa bega. Macho ya Mama Darubini yakampitia, yakaenda kwa Futi, yakarudi. Rula alielewa kabla mama hajafungua mdomo. Hakumkumbuka. Ukumbi, ujia, pini, vyote vilikuwa vimemtoka, kama zinavyomtoka mtu shughuli ndogo za siku moja. Mama alikunja paji la uso, akajitahidi kwa sababu alikuwa mtu mpole.

"Tulikutana wapi, mdogo wangu?"

Mkurugenzi akaangua kicheko cha nafuu. "Mnamsikia? Mdogo wangu, anasema! Watu wa nyumba hii kwa utani!"

Na huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho. Rula aliuona wazi. Angecheka tu. Wala asingelazimika kusema kitu. Angeonyesha mwanya wake, na kiti cha dirishani kingebaki chake kesho, na keshokutwa. Akamtazama Futi. Futi alikuwa anatazama jiwe.

"Hatuna undugu, mzee," Rula akasema. "Mama huita kila mtu mdogo wake. Mimi alinikuta siku moja kwenye ujia, nikamfungia kiatu kwa pini. Ni hilo tu. Mimi ni mtoto wa pekee. Kila mlipouliza hajambo, nilijibu hajambo, na sikujua hata anaishi wapi."

Kicheko cha mkurugenzi kilibaki usoni bila sauti. Mmoja wa kina mama kwenye benchi akasema, "Makubwa," akamhamishia mtoto paja la pili asikie vizuri.

"Kiwanja hiki sikukipima mimi," Rula akaendelea, kwa kuwa sasa ilikuwa rahisi kuendelea kuliko kunyamaza. "Aliyepima ni huyu. Hakuna aliyeshika kamba vizuri kama yeye darasani kwetu. Muulizeni yeye jiwe lilikuwa wapi."

Mama Darubini alimwangalia Rula kidogo, si kwa hasira wala kwa upendo, kama mtu anayeangalia kipimo alichosomewa na mwingine. Kisha akageuka.

"Haya, mdogo wangu," akamwambia Futi. "Ulipima wewe?"

"Nilipima mimi, mama."

"Ukaona nini?"

Futi akamtazama mkurugenzi, ambaye alikuwa anafuta kioo cha simu yake kwa tai. "Jiwe halipo mahali pake."

"Kusema si kupima," Mama Darubini akasema. "Kona ya jengo la zahanati haijahama. Ramani ya zamani ninayo, inasema kutoka kona ile mpaka jiweni ni umbali gani. Pimeni mbele yangu, kwa kamba, kila mtu aone."

Mkurugenzi akasogea karibu na Rula, akamwambia chini chini, kwa upole uliomtisha kuliko kelele: "Vitu vyako vya mezani utaletewa." Akaenda kusimama kando ya gari. Yule dereva ambaye asubuhi alimfungulia Rula mlango sasa aliangalia magurudumu.

Rula alibaki katikati ya uwanja, mikono mitupu. Alimfikiria shangazi na kile kitambaa cha koti. Alizifikiria namba zote zile kwenye simu, na ngapi zitapokea akipiga kesho. Alitaka kumwambia Futi neno, lakini kila neno alilolipata lilikuwa dogo, na mengine alikwisha kuyachosha.

Futi alifungua begi, akatoa kamba. Hakumtazama. Aliizungusha mpaka mwanzo wake ukatokea, kile kipande cha shaba kilichochakaa, akakishika hewani kati yao wawili.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Na mimi pengine sina kazi kesho, kama wewe."

"Najua, Futi."

"Basi." Futi akamsukumia kile kipande mkononi. "Shika sifuri."

Rula alikwenda kwenye kona ya jengo, akapiga magoti topeni na koti lake, akabana shaba kwenye tofali kwa vidole viwili. Futi akaanza kutembea akiifungua kamba nyuma yake. Ilibidi ipite chini ya mabenchi, na kina mama wakainua miguu, mmoja baada ya mwingine, kuipisha. Mtoto mmoja akataka kuidaka, mama yake akamvuta. Futi alilifikia lile jiwe jeupe, akalipita bila kusimama, akaendelea kwenda, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo, na kamba ikazidi kuwa nzito mkononi mwa Rula.

"Kaza!" Futi akapiga kelele kutoka kule mbali, bila kugeuka. "Usiachie!"

Rula akakaza.